Mpunga Mkavu Una Uhai?

Ukitoka Mpanda mjini kwenda Kasansa unapita Sitalike, unakatiza Hifadhi ya Taifa ya Katavi, unatokea Kibaoni, kisha unaifuata barabara ya Majimoto inayoelekea Muze. Fika huko mwishoni mwa Oktoba. Bonde la Rukwa limekauka hadi ardhi imepasuka, majaruba yamebaki matuta matupu, na mpunga uliosalimika kuliwa na kuuzwa umo ndani, kwenye magunia na vihenge, unangoja mvua za Novemba.

Katika majira hayo nimewaketisha watu watano chini ya mwembe. Nimewatunga mimi, usiwatafute. Bibi ni Mpimbwe, mtunza mbegu. Mfugaji ni Msukuma aliyehamia bondeni na jembe lake la ng'ombe. Mwalimu anafundisha Baiolojia sekondari. Mhudumu ni mhudumu wa afya ya jamii, na ndiye mwenyekiti. Binti yuko kidato cha tatu. Hoja imetoka kwake: mbegu kavu iliyoko ghalani si kiumbe hai. Watu ni wa kutunga, lakini mambo ya seli wanayoyasema ni ya kweli, nami nitaingilia pale nitakaposhindwa kunyamaza.

BINTI: Shikamooni wakubwa. Ndugu mwenyekiti, naunga mkono hoja. Tumefundishwa sifa saba za viumbe hai: kujongea, kupumua, kuhisi, kukua, kuzaliana, kutoa takamwili na kujilisha. Nimechukua punje hii moja ya mpunga kutoka gunia la Bibi. Haijongei. Haili. Nimeichoma kwa sindano, haikushtuka. Nimeiweka mbele ya kioo, kioo hakikuingia ukungu. Tangu ivunwe mwezi wa sita haijaongezeka hata unene wa unywele, na haijazaa. Imekosa zote saba. Mwanafunzi akikosa maswali yote saba hatusemi amefaulu kwa kuwa huenda mwakani akajibu. Mbegu itakuwa hai siku itakapoota. Leo bado.

MHUDUMU: Hoja imetolewa. Nani anapinga?

BIBI: Marahaba, mjukuu wangu. Umesema vizuri. Mimi sikusoma hizo saba, lakini mbegu hii naitenga kila mwaka kabla hatujaanza kula. Njaa ikija tunakula kingine, mbegu haiguswi. Sasa niambie jambo moja. Nikiikaanga punje hii kwenye chungu halafu nikaipeleka jarubani, itaota?

BINTI: Haitaota, Bibi.

BIBI: Kwa nini?

BINTI: Umeiua.

BIBI: Jiwe nikilikaanga, nimeliua?

BINTI: Hapana. Lakini Bibi, hata betri ya tochi tunasema imekufa. Gari linakufa injini, saa inakufa ukutani. Hatujawahi kusema saa ni kiumbe hai. Kufa kwa mdomo si ushahidi.

Naingilia. Binti amegusa jambo la lugha ambalo linastahili kusimamiwa kidogo. Kiswahili kinagawa vitu kwa ngeli, na mgawanyo wake haufuati uhai. Mbuzi na mdudu wako A-WA. Mpunga na mti wako U-I, pamoja na mlango na mkate. Mti ukifa mara nyingi tunasema umekauka, kama tunavyosema nguo imekauka. Bakteria watu huwasema kama wadudu: bakteria wameenea. Virusi tunavisema kama vitu: virusi vimeenea. Wengine hubadilisha katikati ya sentensi. Huenda mababu zetu waliigawa dunia kwa kutazama nani anatembea na nani amesimama. Huo ni mtazamo wenye maana yake, lakini ukiufuata peke yake utaona uhai kwa swala na hutauona kwenye mpunga. Nadhani sehemu ya ugumu wa swali la leo imo humo.

MFUGAJI: Mwenyekiti, mimi nilikuja nikiwa upande wa Binti. Ng'ombe wangu akilala usiku mbavu zinapanda na kushuka, namwona kwamba yupo. Mbegu sioni kitu. Ila hiyo orodha inanisumbua. Nina maksai wawili. Tangu wahasiwe hawazai wala hawatazaa. Kwa kipimo cha Binti wamepata sita kati ya saba. Nani atasema hawaishi? Warina asali wa Inyonga watakwambia hivyo hivyo: mzinga mzima unategemea malkia kwa mayai, na nyuki wa kazi kwa maelfu wanafanya kazi, wanazeeka, wanakufa, hawakuzaa. Sasa geuza upande wa pili. Kiangazi hiki mnaona moto unavyotembea porini. Unakula nyasi. Unavuta hewa, ukiufunika unazimika. Unakua. Unazaa, maana cheche ikiruka ng'ambo ya njia, moto wa pili unaanza. Unatoa majivu na moshi. Upepo ukigeuka nao unageuka. Orodha inayomnyima maksai alama na kuupa moto alama ina walakini.

BINTI: Baba, moto hauhisi, unasukumwa tu.

MFUGAJI: Na mmea ukigeukia jua, nani amejua kama umehisi au umesukumwa?

BINTI: Basi kama orodha ina walakini tutafute nyingine. Lakini msiniambie mbegu ni hai kwa kuwa tu mnaipenda.

MWALIMU: Binti yangu, kwa hilo la mwisho nakushukuru. Orodha ile inamfaa mtoto anayeanza kutofautisha mbuzi na jiwe. Ni orodha ya matendo. Haisemi nani anayatenda. Anayeyatenda ni seli.

Mwaka 1665 Mwingereza Robert Hooke alikata kipande chembamba cha kizibo, yaani gome la mti, akakitazama kwa hadubini. Aliona vijumba vingi vimepangana kama sega la nyuki. Akaviita kwa neno la kwao la vyumba vidogo, nasi tumelipokea tukalitamka seli. Lakini vijumba vile vilikuwa vitupu. Seli zilikwisha kufa, zimebaki kuta. Ilichukua zaidi ya miaka 150 mpaka Wajerumani wawili, Matthias Schleiden mwaka 1838 kwa mimea na Theodor Schwann mwaka 1839 kwa wanyama, waseme wazi kwamba viumbe hai vyote vimejengwa kwa seli. Mwaka 1855 Rudolf Virchow akatangaza sehemu ambayo mimi naiona kubwa kuliko zote: kila seli imetoka kwa seli nyingine iliyoitangulia.

Hapo ndipo moto unapoanguka, mzee wangu. Moto wa njiti ya kiberiti hauna mama. Unauwasha kwenye kitu ambacho hakikuwa moto, na hauna urithi wowote unaouchukua kutoka moto wa jana. Maksai, kinyume chake, ana mama, na ndani ya mwili wake uzazi haukukoma. Kidonda cha nira shingoni kikipona, ni seli za ngozi zimegawanyika, moja ikawa mbili, mbili zikawa nne. Aliyehasiwa ni ng'ombe. Seli zake hazikuhasiwa.

MFUGAJI: Hilo nalikubali. Sasa nionyeshe seli moja iliyo peke yake, isiyo ndani ya mnyama wala mmea, nione kama inaishi.

MWALIMU: Unaijua kuliko mimi. Ndorobo akimuuma ng'ombe wako, anamwachia nini?

MFUGAJI: Nagana. Anakonda, manyoya yanasimama, anakufa amebaki mifupa.

MWALIMU: Na mtu akiumwa na ndorobo aliyebeba kimelea cha aina hiyo, hupata malale. Kimelea hicho ni seli moja tu. Ukizipanga kama 50 mstari mmoja, kichwa kwa mkia, zinafika milimita moja. Ina utando unaoitenga na damu inamoogelea. Ina kiini kilichobeba maagizo ya urithi. Ina mkia wa kujisukuma. Inakula sukari ya damu, inatoa taka, inagawanyika, na kinga ya mwili ikianza kuitambua inabadilisha koti lake la nje. Kazi zote saba zimo ndani ya kitu usichoweza kukiona kwa macho. Mwili wako una seli zinazokadiriwa kufika trilioni 30, zimegawana kazi. Huyu hana wa kugawana naye. Anafanya zote mwenyewe.

MHUDUMU: Kabla hatujaendelea, nami niongeze, ingawa ni mwenyekiti. Nyingi kati ya hizo trilioni 30 ni chembe nyekundu za damu, nazo zina tabia ya kumtatiza Binti. Chembe nyekundu iliyokomaa haina kiini. Haigawanyiki. Inazunguka kama siku 120 kisha mwili unaivunja. Haina hata maagizo ya kujitengeneza upya, lakini kwa muda huo inatumia sukari, inalinda umbo lake, inabeba oksijeni. Mimi siwezi kusema imekufa. Mtu mwenye chembe zilizokufa angekuwa maiti.

BINTI: Kwa hiyo mnazidi kuichana orodha yangu, lakini hakuna aliyeiweka punje hii upande wowote. Ina seli, nakubali. Kizibo cha Hooke nacho kilikuwa na seli. Zilikuwa zimekufa.

Hilo ni pigo la haki, na ukimya uliofuata chini ya mwembe ulistahili. Kuwa na seli hakutoshi. Meza ya mninga ina seli. Swali la Binti limesogea mahali pagumu zaidi: tutajuaje kwamba seli iliyonyamaza inaishi?

BIBI: Mjukuu wangu, unafuga kuku?

BINTI: Tunao, Bibi.

BIBI: Tetea anataga mayai mangapi kabla ya kuatamia?

BINTI: Kumi, kumi na mawili.

BIBI: Kwa siku moja?

BINTI: Hapana. Karibu kila siku yai moja.

BIBI: Vifaranga wanatoka siku ngapi baada ya kuatamia?

BINTI: Siku 21.

BIBI: Wanatoka kwa kupishana siku kumi na mbili, kama mayai yalivyotagwa?

BINTI: Hapana. Wanatoka siku moja, au mbili.

BIBI: Basi yai la kwanza lilikaa pale siku kumi linafanya nini? Kama lilikuwa limekufa, kifaranga ametoka wapi? Kama lilikuwa linakua, mbona hakutoka kabla ya wenzake? Lilikuwa linangoja. Mimi mbegu naiona hivyo. Inangoja.

MWALIMU: Sijui kama ningeweza kulieleza vizuri zaidi. Yai lililorutubishwa na jogoo, siku linapotagwa, tayari lina maelfu ya seli kwenye lile doa dogo jeupe juu ya kiini cha njano. Zilianza kugawanyika lingali tumboni mwa kuku, kwenye joto. Yai likipoa, mgawanyiko unasimama. Kuku akiatamia, unaendelea pale pale ulipoachwa. Na kwa faida ya Binti: yai lisilo na jogoo, kile kiini chake chote cha njano ni seli moja. Ni miongoni mwa seli chache ambazo mtu anaweza kuziona bila hadubini na kuzikaanga kwa chai.

BINTI: Lakini yai likikaa mwezi bila kuatamiwa linakuwa viza. Kwa hiyo lilikuwa linangoja au lilikuwa linakufa polepole?

BIBI: Kufa polepole ni kazi ya walio hai.

MFUGAJI: Hata mamba wa mto Katuma. Kiangazi maji yakikatika wanaingia kwenye mapango ya kingo, wanalaliana humo wiki kwa wiki, hawali, hawatikisiki. Mgeni angedhani ni magogo. Asithubutu kukanyaga gogo hilo.

BINTI: Mamba anapumua, baba, hata kama ni kidogo. Nionyesheni pumzi ya mpunga.

BIBI: Nitakuonyesha. Mwaka mmoja mvua zilichelewa kukatika. Watu wakavuna mpunga haujakauka, wakauanika nusu siku, wakaufunga kwenye magunia. Siku ya tatu nikatia mkono katikati ya gunia, mpaka kwenye kiwiko. Ulikuwa na joto kama mwili wa mtoto mwenye homa. Nje ya gunia kulikuwa baridi ya asubuhi. Joto lile lilitoka wapi?

BINTI: Kuvu. Mpunga wenye unyevu huota kuvu, na kuvu ndiyo inayopumua.

MWALIMU: Una haki nusu. Kuvu ina sehemu yake, na ikishaanza huongeza joto sana. Lakini hata mpunga safi usio na kuvu, ukiwa na unyevu, hupumua. Seli za mbegu zinachoma sukari kwa oksijeni, zinatoa hewa ya kaboni dioksaidi, maji na joto. Maji yale yanaongeza unyevu, unyevu unaongeza kupumua, kupumua kunaongeza joto. Gunia linajichimbia kaburi. Mtu akiupanda mpunga ule Desemba unaota kidogo sana, naye anamlaumu aliyemuuzia au anailaumu mvua.

Hapa nataka tukae, kwa maana nadhani ndipo mjadala wote ulipo. Wataalamu wa hifadhi hutaka mpunga wa kula usizidi unyevu wa asilimia 14, na wa mbegu uwe 12 au chini ya hapo. Pia wana kanuni ya mkato: kila asilimia moja ya unyevu unayoipunguza huongeza maradufu muda wa mbegu kuishi, ndani ya mipaka fulani. Tazama maana yake. Mbegu inayoonyesha dalili za uhai ghalani, inayopumua na kutoa joto, ndiyo inayokufa. Ile iliyonyamaza, isiyotoa chochote, ndiyo inayofika shambani. Ukihukumu kwa orodha ya sifa saba, utaipa alama mbegu inayooza na kuinyima mbegu nzima. Mtoto aliyeikariri orodha bila kuambiwa hili anaweza kushinda mtihani na kupoteza msimu. Na ni jambo linaloniuma kwamba huyo mtoto alianza kuyasoma haya kwa Kiswahili shule ya msingi, akafika sekondari akayaanza upya kwa Kiingereza, akawa na maneno mawili kwa kila kitu na hana hata mtu mmoja wa kubishana naye nyumbani. Bibi alikuwa na jibu la swali lake siku zote. Hawakuwa na lugha moja ya kukutania.

MHUDUMU: Kazini kwetu tunalijua hilo la dalili. Kipimo cha haraka cha malaria hakimwoni kimelea. Kinakamata protini aliyoitoa. Mgonjwa anameza dawa mseto, anamaliza dozi, vimelea wanakufa wote, naye anapata nguvu. Ukimpima tena kwa kipimo kile kile wiki ya pili, mistari miwili inaweza kutokea. Dalili ipo, mwenyewe hayupo. Kwa hiyo nimezoea kwamba dalili inaweza kubaki mwenye uhai akiwa ameondoka. Sioni shida kuamini kwamba mwenye uhai anaweza kubaki dalili zikiwa zimeondoka.

BINTI: Kuamini, sawa. Mimi nataka kuona.

MWALIMU: Inaonekana. Kuna dawa isiyo na rangi iitwayo tetrazoliamu, ambayo Mjerumani Georg Lakon aliifanya kuwa kipimo cha mbegu katika miaka ya 1940. Unailoweka mbegu, unaikata katikati kwa urefu, unaitia kwenye dawa hiyo. Seli inayoishi, vimeng'enya vyake vya upumuaji vinaigeuza dawa kuwa nyekundu. Seli iliyokufa inabaki nyeupe. Hungoji mbegu iote. Saa chache zinatosha. Na mpunga wa Bibi ukikatwa hivyo utashangaa. Sehemu kubwa ya punje haitageuka kabisa.

BINTI: Kwa hiyo imekufa!

MWALIMU: Sehemu hiyo ndiyo. Wanga mweupe unaojaza punje uko ndani ya seli zilizokufa punje ilipokuwa inakomaa mabuani. Ni akiba ya chakula. Kinachogeuka nyekundu ni kile kidoa cha pembeni, kiinitete, ambacho ndani yake kuna mzizi na jani la kwanza vimekwisha kuundwa, pamoja na tabaka jembamba la seli chini ya kumvi. Basi. Aliye hai ndani ya punje ni mtoto mdogo aliyefungiwa chakula cha safari.

BIBI: Ndiyo maana mchele hauoti.

MWALIMU: Ndiyo maana, Bibi. Mashine ya kukoboa inaondoa kumvi, inakwangua lile tabaka, inang'oa na kiinitete. Vyote vinakwenda kwenye pumba. Nguruwe wanakula kilichokuwa hai, sisi tunabaki na akiba.

Mpunga, mchele, wali. Zipo lugha zenye neno moja kwa hivyo vitatu. Sisi tunayo matatu, na mpaka kati ya la kwanza na la pili ndio mpaka wa uhai. Aliyetenga maneno haya hakuwa na hadubini. Alikuwa amejaribu kupanda mchele.

MFUGAJI: Na virusi? Babu zetu walisimulia sotoka iliyomaliza ng'ombe miaka ya 1890, na mwaka 2011 dunia ikatangaza kwamba imetokomezwa. Wanasema ilikuwa virusi. Kile nacho kilikuwa mbegu inayongoja?

MWALIMU: Kwa ufupi, hapana. Virusi si seli. Nje ya seli ya ng'ombe havina pumzi wala chakula wala kiwanda, na vikiingia vinatumia kiwanda cha mwenyeji. Kiinitete cha mpunga kina kiwanda chake kizima. Kimefungwa tu, kwa kukosa maji. Wapo wanaovihesabu virusi kati ya viumbe hai na wapo wanaokataa. Mimi nakataa.

BINTI: Mwalimu, sina la kusema kuhusu nyekundu na nyeupe. Lakini umelowesha mbegu kwanza. Umeitia maji ndipo ukapima. Mimi hoja yangu ni mbegu kavu. Huenda maji yako ndiyo yaliyoifufua.

Nilimwandika Binti huyu, na bado aliponiletea hoja hii nilitua kalamu. Ndilo swali lenyewe, na ni la zamani. Antonie van Leeuwenhoek, mfanyabiashara wa vitambaa wa mji wa Delft, Uholanzi, mwaka 1702 aliandika kuhusu vumbi kavu alilolichota kwenye mfereji wa paa. Alilitia maji, na vidudu visivyoonekana kwa macho vikaanza kuogelea. Vilikuwa vimelala au vilikuwa vimekufa vikafufuka? Watu walibishana kwa karne mbili. Mwaka 1959 mwanasayansi David Keilin aliipa hali hiyo jina ambalo kwa Kiswahili ningelitafsiri uhai uliofichika.

MWALIMU: Nitakujibu kwa mdudu wa Afrika. Kwenye vidimbwi vya juu ya miamba huko Nigeria na Uganda kuna usubi asiyeuma ambaye funza wake hukauka kidimbwi kikikauka. Mwili wake hubaki na maji kama asilimia tatu tu. Hapo hapumui kwa namna inayoweza kupimwa. Wamewahi kutiwa maji baada ya miaka 17 wakatembea. Sukari maalumu imechukua nafasi ya maji ndani ya seli na kuganda kama kioo, kila kitu kimeshikwa mahali pake: utando, kiini, vimeng'enya. Mbegu kavu nayo hufanya hivyo kwa sukari zake. Sasa chukua funza mwingine, mponde, halafu mtie maji. Hatatembea kamwe. Maji ni yale yale. Tofauti yao ni nini?

BINTI: Mpangilio. Mmoja mpangilio wake umehifadhiwa.

MWALIMU: Maji hayafufui. Yangefufua, wali ungeota.

BINTI: Lakini huyo funza mkavu, kwa saa ile ambayo hakuna kinachofanyika ndani yake, mnamwita hai?

MWALIMU: Mimi namwita hajafa.

BINTI: Hilo si jibu moja, Mwalimu.

MWALIMU: Si jibu moja.

MHUDUMU: Basi mwenyekiti atafunga kwa kura. Wanaopinga hoja?

Mikono minne imeinuliwa, na wa Binti haukuwamo. Natoa hukumu yangu kama mwandishi, kwa kuwa msomaji ana haki ya kujua nimesimama wapi. Binti ameshindwa kuhusu mpunga wa Kasansa. Mbegu iliyoanikwa mkekani na kuwekwa kihengeni bado ina unyevu kidogo, na ndani yake kiinitete kinaendelea kuzeeka siku baada ya siku. Seli zake zimetoka kwa seli za mpunga wa mwaka jana, na hizo kwa za mwaka juzi, bila kukatika hata mara moja, maana mnyororo ungekatika mara moja tu kusingekuwa na punje ya kubishania. Kuhusu funza mkavu, Binti ametuonyesha kwamba kati ya hai na mfu pana hali ya tatu, na hajashindwa. Nasema pia kwamba aliyefundisha watu wengi zaidi siku hiyo ni yeye, kwa kukataa kukubali bila kuona.

BIBI: Mmemaliza? Binti, njoo. Leta kitambaa cha pamba na maji. Hesabu punje 100, usichague nzuri, chota tu. Zipange, zikunje kwenye kitambaa chenye unyevu, ziweke kivulini, zisikauke. Siku ya kumi tukunjue. Zikiota 90, tunapanda kama kawaida. Zikiota 60, tunaongeza mbegu. Zikiota 30, tunakwenda kutafuta nyingine kungali mapema.

Nawe msomaji uliye na gunia la mbegu ndani, ukiwa Kasansa, Mbarali, Kahama au Kilombero, tia mkono wako katikati yake leo. Ukikuta joto, lifungue na kuianika mbegu. Ukikuta ubaridi, hesabu punje 100 kama Bibi alivyosema, na umpe mtoto wako wa sekondari kazi ya kuzihesabu zilizoota. Fanyeni hivyo kabla ya mvua ya kwanza.